Hasa Buti

Msumeno alianza kuogopa kabla hajatia mguu nje ya kitanda. Siku hiyo kulikuwa na ukaguzi, na siku hizi aliungoja ukaguzi kama mtoto anayengoja kuchomwa sindano. Mkewe alimsikia anavyogeukageuka, akamwuliza kama ana homa.

"Homa ya wapi? Nina njaa tu," akajibu. Chai ilipoletwa hakuimaliza.

Jina la Msumeno alibandikwa na wenye magari wenyewe. Katika chama chao cha magari ya kale, yeye ndiye aliyekagua bodi na rangi, na alikata alama bila huruma. Ukimletea gari la michezo la Kiingereza, yale madogo ya viti viwili ambayo mtu mnene huingia kwa dua na kutoka kwa kuvutwa mkono, ukamwapia kwamba halijawahi kuguswa tangu litoke kiwandani, anakuonyesha pale fundi wako alipopitisha msasa. Anakuonyesha na skrubu uliyoibadilisha ukadhani hakuna atakayejua. Watu wazima na heshima zao waliondoka mbele yake wamenuna kama watoto walionyimwa peremende, na mwaka uliofuata walirudi, kwa sababu cheti chenye sahihi ya Msumeno kilikuwa cheti kweli.

Tatizo lilikuwa moja, na lilijulikana na yeye na daktari wake tu: Msumeno alikuwa haoni vizuri. Mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Kipofu hakuwa. Umbo la gari aliliona, sura ya mtu aliitambua akisogea, na kwa tochi aliweza hata kusoma herufi kubwa. Rangi ndizo zilizomkimbia. Zilififia polepole, kama nguo inayofuliwa kila siku, mpaka buluu, kijani, kahawia na nyeusi zikawa ndugu wa tumbo moja. Daktari alimwambia operesheni yenyewe ni jambo dogo, unaingia asubuhi, jioni uko nyumbani kwako. Msumeno aliitikia vizuri, akashukuru, akatoka na hakurudi tena. Kaka yake naye aliwahi kuambiwa maneno hayo hayo kuhusu jicho lake. Aliingia nalo, akatoka bila.

Angefanya nini basi? Kazi ya rangi alishastaafu, watoto walishakwenda zao, na ukaguzi ndio uliobaki, kitu pekee ambacho watu bado walimpigia simu kwa ajili yake. Akatafuta mbinu. Ya kwanza ilikuwa vidole. Maisha yake yote alipuliza rangi magari ya watu, na ncha za vidole vyake ziliijua rangi ya kiwandani jinsi ilivyo: ina vipele vidogo kama ganda la chungwa, na pembezoni inakuwa nyembamba. Rangi iliyorudiwa ni nene, inateleza kupita kiasi, na pale fundi alipobandika karatasi inaacha kingo ambayo ukucha huikwaa. Mbinu ya pili ilikuwa kudai kila gari liwekwe kivulini, eti jua linadanganya. Lakini mbinu ya tatu ndiyo iliyokuwa mama yao. Kabla hajagusa kitu, alimwambia mwenye gari kwa sauti ya upole, "Nianzie wewe mwenyewe. Nieleze gari lako, zuri lake na baya lake." Hapo mtu hutiririka: mlango huu niliupaka upya, boneti imepauka, zulia si lake. Msumeno anatikisa kichwa, anayaweka yote kichwani, kisha anazunguka na tochi yake kana kwamba anayaona. Watu walimsifu. Walisema mzee ana utu, anampa mtu nafasi ya kusema kweli mwenyewe. Laiti wangejua kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa macho yake.

Ukaguzi ulifanyika katika gereji ya chuo cha ufundi ambayo chama kiliazima siku za Jumamosi. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye madoa ya oili, shimo la kukagulia limefunikwa kwa mbao, na ukutani kila spana ilichorewa umbo lake ili ikikosekana ijulikane ni ipi iliyoibwa. Wenye magari walijipanga kando, mikono mfukoni, wamekuja kama watu wanaokuja kutazama mechi isiyowahusu. Lililoomba cheti cha juu siku hiyo, cheti cha gari lisiloguswa, lilikuwa moja tu. Kipande kigeni peke yake hakikuliangusha gari; kilikatwa alama, na jumla ndiyo iliyoamua.

Mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye bekari, na wote walimwita Dada wa Bekari. Gari alilirithi kwa baba yake, na urithi huo ulikuwa na kelele. Kaka yake mkubwa alitaka lipakwe rangi nyekundu ya kumeremeta, litiwe injini mpya, likodishwe kwa maharusi. Dada akasema labda akiwa amekufa. Familia ikakaa kikao, wakafokeana mpaka koo zikawakauka, mwisho wakakata shauri: gari likipata cheti, halitaguswa na litabaki kwa dada, likikosa, kaka atalichukua na afanye apendavyo. Kaka alikuja mwenyewe kushuhudia. Aliegemea fremu ya mlango, anarusha funguo zake juu na kuzidaka, kama mtu ambaye ameshashinda na anangoja tu atangazwe.

Mkaguzi wa pili alikuwa mtu wa makamo mwenye upara, mwalimu wa udereva, kwa hiyo hata pale aliitwa Mwalimu. Alikuwa rafiki wa Msumeno wa miaka mingi. Mwalimu alikagua injini, chesisi na namba. Msumeno alikagua bodi, rangi na viti. Kila mmoja na lake, hakuna kuingiliana, na ukaguzi ukishaanza watazamaji hawaruhusiwi kufungua mdomo. Sheria hizo zote mbili alizitunga Msumeno mwenyewe, zamani, wakati macho yake yangali mazima.

"Haya, mwanangu," alimwambia Dada wa Bekari, akishika tochi. "Nianzie wewe mwenyewe. Nieleze gari lako."

"Leo utanisamehe, mzee," dada akasema. "Sitasema neno."

"Kwa nini tena?"

"Kaka anasema nikizungumza nitakuwa nakuelekeza. Nimeahidi mbele ya familia nzima. Gari ndilo hilo, kagua mwenyewe."

"Lakini huu ndio utaratibu wangu. Kila mtu anajua."

"Najua, mzee wangu. Niwie radhi."

"Kwani mzee anahitaji kuelekezwa?" kaka akauliza kutoka mlangoni. "Si ana macho?"

Watu wakacheka. Msumeno naye akacheka, na kijasho chembamba kikamtoka mgongoni.

Angeweza kusema tumbo linamkata. Angeweza kuahirisha. Lakini Mwalimu alikuwa amekwisha lala chini ya gari anagongagonga chesisi, watu wote wamemkodolea macho, na mlangoni zile funguo zinalia tu, chwa, chwa. Msumeno akapiga moyo konde. Alichojua ni kwamba gari ni la kijani, kwa sababu wakati anaingia alimsikia mtu akisema "lile la kijani limefika." Hiyo tu ndiyo aliyokuwa nayo.

Akaanzia puani mwa gari. Akapitisha vidole juu ya boneti, akavipeleka mpaka ukingoni, akavikunja kwa ndani. Rangi nyembamba, vipele vyake vyote vipo. Akashuka kwenye madigadi, akaenda kwenye mlango, akaufungua na kuufunga ili ausikie unavyolia. Akainama ndani akanusa ngozi ya viti, akapapasa mishono, akakuta mmoja wa kiti cha dereva umeachia. Alipiga magoti kwenye saruji akahesabu kwa vidole spoku zilizolegea kwenye ringi. Woga haukumtoka, lakini ulianza kukaa kando kidogo, kwa sababu gari hili lilikuwa zuri. Kila alipogusa palikuwa pa kweli. Tangu macho yake yaanze kumchezea alikuwa hajakutana na bodi ambayo haikumdanganya hata mara moja.

Akafika nyuma, kwenye buti, kile kifuniko cha sehemu ya mizigo. Hapo vidole vyake vikasimama. Kama gari zima lilikuwa zuri, buti lilikuwa la maonyesho: halina kidoti cha msasa, halina kingo ya karatasi, rangi ya kiwandani kutoka pembe mpaka pembe. Jambo moja lilimkwaza. Boliti za bawaba zilikuwa na mikwaruzo, kana kwamba spana iliwahi kupita hapo. Zamani angeuliza. Lakini nani hajawahi kulegeza boliti ili buti lifunge sawasawa? Akaliacha hilo lipite, na moyo wake ukarudi mahali pake.

Desturi yao ilikuwa kutangaza papo hapo, mbele ya gari, kwa sauti. Mwalimu alianza. Namba zinalingana, kabureta zote mbili ni zake, bomba la moshi si lake na amelikatia alama. Kisha akampisha Msumeno.

"Nimelipitia gari hili," Msumeno akasema. "Limechakaa pale gari linalotembea linapochakaa. Mshono wa kiti cha dereva umeachia. Bampa ya nyuma ina kutu. Ringi zinahitaji fundi. Lakini rangi..." Alikuwa amefurahi, na furaha ikamlegeza ulimi. "Rangi ni ile ile ya siku ya kwanza, kuanzia pua mpaka mkia. Hakuna kipande kilichobadilishwa."

Alingoja yale makofi ya heshima. Hayakuja. Alisikia mtu amekohoa, na mwingine amevuta pumzi kama aliyeumwa na siafu.

"Hata buti?" akauliza mtu. Ilikuwa sauti ya Mfamasia, mwenye gari jeupe, ambaye mwaka jana alipata cheti chake kwa Msumeno huyo huyo.

"Hata buti," Msumeno akasema. "Hasa buti. Mngekuwa na buti kama hilo nyote, mimi ningekuwa nimekaa nyumbani nanywa chai."

Gereji ikalipuka. Wengine walicheka, wengine waliguna, na mtu mmoja akasema "Ebo!" kwa nguvu zake zote. Kaka hakucheka. Alitoka mlangoni akaja moja kwa moja mpaka mbele ya dada yake.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu," dada akasema. "Sijampa hata maji ya kunywa."

"Mtu hasimami mbele za watu akasema maneno kama hayo kwa macho makavu hivi hivi. Umemshikisha nini, we mwanamke? Baba angekuwepo angejificha wapi?"

"Kaka, haki ya Mungu sijampa kitu. Mwulize mwenyewe!"

Msumeno alisimama pale pale, tochi mkononi, na woga wa asubuhi ukamrudia na ndugu zake wote. Buti lina nini? Watu wote humu ndani wanakiona. Kaka anakiona, Mfamasia anakiona, hata mlinzi wa chuo anakiona, anasikika akicheka peke yake dirishani. Yeye ndiye asiyekiona, na hawezi kuuliza. Akarudi nyuma ya gari taratibu, kama mtu anayehakikisha jambo alilokwisha lijua. Akaliinamia buti mpaka pua ikakaribia kugusa. Akawasha tochi. Aliona weusi unaong'aa. Akageuza tochi kwenye madigadi ya pembeni, akaona weusi unaong'aa. Akapapasa tena, safari hii kwa mikono miwili, na mikono ikamwambia yale yale: kiwandani, kiwandani, kiwandani. Watu walikuwa wananyamaza mmoja mmoja, wanamtazama. Alihisi macho yao kisogoni. Akaegemea bampa yenye kutu.

Mwalimu akamshika kiwiko, akamvuta mpaka kwenye ukuta wa spana.

"Mzee, nini hiki?" akanong'ona.

"Nini nini?"

"Usinichezee. Kama ulikuwa na shida ungeniambia. Mimi na wewe tumetoka mbali, ningekosa cha kukupa? Leo unajiumbua mbele za watu kwa ajili ya nini? Keki?"

Huyu naye anaamini. Rafiki yake wa miaka mingi hakumwuliza ameonaje. Amemwuliza amekula nini.

"Sikiliza," Mwalimu akaendelea. "Bado kuna njia. Sema ulikuwa unatania. Sema ulitaka kuona kama watu wako macho. Watacheka, yataisha. Halafu tunalifuta gari kwenye orodha, tunakwenda zetu."

"Tukilifuta, dada yule atakuwaje?"

"Atakuwa amekosa cheti. Si wa kwanza."

"Atakuwa amekosa cheti na amehonga."

"Uamuzi ni wako," Mwalimu akasema. "Lakini amua haraka, kaka mtu anataka kupiga simu kwa wajomba."

Nitakwambia ukweli: Msumeno aliutaka uongo ule. Aliuona umemfungulia mlango na umemwekea kiti. Kutania! Nani asiyetania? Angerudi pale, angepiga kofi la mapaja, angesema, "Nimewakamata!" na wote wangemcheka kicheko cha kupenda. Alikwisha geuka. Alikwisha andaa hata tabasamu. Hapo ndipo likamjia swali dogo la kijinga, na swali hilo likamfunga miguu. Akishasema alikuwa anatania, lazima Mfamasia, kwa kidomodomo chake, atauliza: haya basi mzee, tuambie, buti lina nini? Na yeye hana jibu. Hakuna utani duniani ambao ungempa jibu hilo.

Kwenye gari, dada alikuwa analia sasa, bila sauti, anajifuta kwa kiganja huku kaka akimwonyesha kidole. Msumeno alimwona kwa ukungu tu. Aliona bega linalopanda na kushuka. Akamwonea huruma, na katikati ya huruma hiyo akajionea haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Mtoto wa watu amekaa kimya kwa sababu ya uaminifu, na kimya chake ndicho kinachomponza.

Akarudi pale penye gari. Hakupiga kofi la mapaja.

"Mwanangu," akasema. "Ahadi yako ya kunyamaza imekwisha, ukaguzi umekwisha. Sasa niambie. Buti lina nini?"

Dada akamtazama asielewe. "Mzee?"

"Buti la gari lako. Lina nini?"

"Si unaliona?"

"Sioni."

Lilikuwa neno moja, na lilimtoka kirahisi kuliko alivyowaza siku zote hizo. Kaka akashusha kidole.

"Ni la buluu," dada akasema polepole. "Gari ni la kijani, buti ni la buluu. Baba aligonga nguzo ya geti akirudi nyuma. Akapata buti kwenye gari jingine la aina hii hii, lililokuwa limepinduka. Watu wakamwambia alipake kijani. Akasema akilipaka halitafanana na sehemu nyingine, atalazimika kulipaka gari zima. Akaliacha hivyo hivyo. Mtaa mzima tulikuwa tunachekwa."

Buluu. Msumeno akaweka mkono juu ya buti, mara hii bila kutafuta chochote. Kumbe vidole havikusema uongo. Rangi ilikuwa ya kiwandani kweli, ila ya gari la mtu mwingine.

"Nina mtoto wa jicho," akasema, na akapandisha sauti ili wote wasikie. "Macho yote mawili. Siwezi kutofautisha kijani na buluu, wala buluu na nyeusi. Nimewaficha. Huyu mwanamke hajanipa kitu. Ningeona buti, ningesema. Mwenye neno la kumsema aniseme mimi."

Hakuna aliyemsema. Mfamasia alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Pole, mzee," akasema, na wengine wakaitikia pole, pole, kama watu wa msibani. Msumeno alikuwa ameogopa kicheko. Zile pole zilimwuma zaidi.

"Basi hakuna cheti," kaka akasema. Alikuwa ameshusha sauti, lakini hakuwa ameshusha madai. "Kwa heshima zote, mzee. Mtu asiyeona hawezi kutoa cheti."

"Ni kweli," Msumeno akasema. "Mimi siwezi. Mwalimu anaweza. Bodi ikaguliwe upya, na macho yawe yake."

Wakalizunguka tena. Mwalimu akataja rangi ya kila kipande kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo, na pale alipokuwa hana hakika kama imerudiwa, Msumeno alipewa nafasi ya kugusa, akasema, na Mwalimu akaamua. Buti likakatwa alama zake zote, na boliti za bawaba, ambazo Msumeno alizitaja mwenyewe, zikakatwa zake. Mwalimu akajumlisha kwenye karatasi, akajumlisha tena. Kisha akamwendea Dada wa Bekari akampa mkono. Gari lilikuwa limepita, kwa kuponea chupuchupu.

Kaka aliomba aione ile karatasi, akaikodolea macho, akairudisha. "Gari la rangi mbili linapewa cheti," akasema. "Haya." Akaondoka bila kumuaga dada yake, na baadaye kidogo wakasikia gari lake linavyoondoka kwa hasira. Dada alikaa kwenye kile kiti chenye mshono ulioachia, akashika usukani, akalia vizuri sasa, kwa sauti.

Watu wakaanza kutafuta funguo zao. Ilikuwa imekwisha, au walidhani imekwisha.

"Ngojeni," Msumeno akasema. "Kuna vyeti vya mwaka jana."

Mikono ikasimama mifukoni.

"Mwaka jana nilikuwa hivi hivi. Niliyoyajua ni yale mliyonieleza wenyewe. Ambacho hamkunieleza sikukiona. Kwa hiyo magari yote niliyoyapitisha yatarudi hapa, yakaguliwe upya."

"Aa, mzee," Mfamasia akasema, na sauti yake ikawa ya asali ghafla. "Ya nini kujisumbua? Hayo yameshapita. Wewe nenda katibiwe, sisi hatuna kinyongo na wewe hata kidogo."

"Kweli kabisa," mwingine akadakia. "Nani atakayejua?"

Hao ndio walioguna muda mfupi uliopita kana kwamba amekula hongo. Msumeno alitaka kucheka, lakini alikuwa amechoka. Alitambua kwa jinsi walivyoharakisha kumsamehe kwamba kulikuwa na mambo, tena mengi.

"Yatarudi," akasema. Wakatoka mmoja mmoja, wananung'unika, hakuna aliyemuaga.

Mwalimu alibaki. Alikuwa anazungushazungusha kalamu vidoleni, na Msumeno, aliyemfahamu vizuri, akajua ana jambo.

"Mzee. Langu nalo ulilipitisha mwaka jana."

"Nakumbuka. Ulinieleza kila kitu kabla sijaligusa. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu mkweli."

"Sikukueleza kila kitu."

"Nini hukunieleza?" Msumeno akauliza.

"Viti," Mwalimu akasema. "Vilitakiwa kuwa vyekundu. Vile vilioza, nikatia vya kahawia vya gari jingine. Ukapitisha mkono juu yake, ukasema ngozi nzuri. Mimi nilidhani umeona. Nilidhani umeninyamazia kwa sababu ya urafiki wetu."

Mwaka mzima mtu huyu alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa, akimletea matunda, akicheka vichekesho vyake vilivyozeeka, na mwaka mzima aliamini kwamba Msumeno ni mtu anayeweza kununuliwa kwa urafiki. Ndiyo maana leo aliamini upesi hivyo kwamba amenunuliwa kwa keki. Hasira ilimpanda. Ikashuka, kwa kuwa hakujua aielekeze kwa nani. Aliyesimama na tochi akijifanya anaona hakuwa Mwalimu.

"Na ukafurahi," akasema.

"Nilifurahi sana," Mwalimu akasema. "Nilimwambia hata mke wangu."

Nje, Dada wa Bekari aliwasha gari lake. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakubali, na wote wawili wakaisikiliza mpaka ikapotea barabarani.

"Shika kalamu," Msumeno akasema. "Andika magari yote ya mwaka jana. Anza na la kwako."

Mwalimu akaandika, na Msumeno akasimama karibu naye mpaka aliposikia kalamu imefika mwisho wa mstari.